CT ya goti yenye dawa: sindano ni ya mkononi au gotini?

Dada, kwa kuwa mama ana betri ya moyo na MRI (picha za sumaku) imekataliwa, atapigwa CT (picha za eksirei za kompyuta) yenye dawa, na sindano yake hupigwa ndani ya goti lenyewe. CT ya kawaida huonyesha mfupa vizuri, lakini gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, na maji ya goti hufanana rangi. Dawa ya ayodini ikijaa kiungoni, gegedu hubaki utepe wa kijivu kati ya mfupa mweupe na dawa nyeupe. Dawa ikipenya kwenye utepe, pana ufa. Ikigusa mfupa, gegedu limekwisha pahali hapo. Gegedu lililolainika ndani bila kupasuka juu halionekani vizuri.

Goti likiwa limevimba, waombeni wayavute maji kwanza, la sivyo dawa itazimuliwa na picha zitafifia. Kisha alikunje mara kadhaa isambae, na picha zipigwe ndani ya nusu saa hivi, kwani mwili huifyonza. Hakikisheni mashine iko tayari kabla ya sindano.

Semeni mapema kama ana mzio wa dawa hiyo au anatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Mkirudi Likoni, avuke feri ndani ya gari, asitembee ule mteremko wa kivukoni. Goti likiwa jekundu na moto, au akipata homa, rudini hospitali saa hiyo hiyo.