Kuhusu hilo gurudumu

Mwanangu,

Sisi hatujambo, ila kusi limeanza na makuti ya banda yamekwisha kung'oka.

Umeniuliza ununue gurudumu la umeme au uendelee kufinyanga kwa mkono. Mimi nakuuliza: chombo kabla hujakitia motoni, umekiweka shavuni?

Unajua naelekea wapi. Vile vyetezo thelathini vya mwenye nyumba ya wageni kule Shela. Ulikuwa na miaka sita, ukatoka mbio ukidhani ni fataki. Bwana yule alikuwa akija kila asubuhi kuuliza, hata nikaona haya. Bibi yako alichukua kimoja, akakigusisha shavu, akasema, "Baridi bado." Udongo wenye maji huwa baridi. Nikambishia: si unaona ukingo umekuwa mweupe? Ukingo ndiyo, lakini kitako ndicho kinene. Nikavipanga, nikafunika makumbi, nikawasha. Chai yangu haijapoa, pwaa! Maji yaliyosalia kitakoni yamekuwa mvuke, na mvuke ukikosa njia hupasua. Vilipona vinne.

Bibi yako hakunisema. Bora angenisema. Aliokota vipande, akavitwanga kinuni, akachekecha, akachanganya ule unga na udongo mpya ili ustahimili moto. Mimi niliona ananitwanga uso.

Udongo hauna haraka, mwenye haraka ni mtu. Nimekwambia mara ngapi? Gurudumu litakupa chungu kwa dakika chache, halitakukaushia. Utanijibu kwamba hata mkono haukaushi. Kweli. Na lile kosa nililifanya kwa mkono huu huu, gurudumu sikuwa nalo.

Zile picha za vyungu vya Magdalene Odundo ulizonitumia nimezitazama sana. Mzaliwa wa Nairobi, akaenda Uingereza, na ufinyanzi wa mkono akaufuata Nigeria, Abuja ya zamani inayoitwa sasa Suleja, kwa mfinyanzi Ladi Kwali. Anapandisha udongo kwa vidole, anausugua mpaka ung'ae, na bado dunia inamsubiri. Lakini yeye ni yeye, nawe una kodi ya kulipa. Haya, hapo umenishinda.

Basi sisemi nunua, wala sisemi usinunue. Pesa ni zako. Ningesema, lakini nimejizuia.

Ukija Idi, chukua chetezo kimoja kati ya vile vinne. Kina ufa kitakoni, ila udi kinafukiza vizuri.

Mamako