Kona ya Besi: Nimeitwa kupiga na DJ, ninunue pedali gani?

Barua nyingi za toleo hili zinatoka kwa wapiga besi walioombwa kupiga muziki wa dansi wa kielektroniki, basi nimewapa ukurasa mzima. Pedali ni vile visanduku vya kukanyaga vinavyobadilisha mlio wa gitaa. Barua nimezifupisha. Majina ni yale waliyojipachika wenyewe.

Shikamoo Fundi. Napiga besi ya nyuzi nne kwenye bendi. DJ mmoja ameniomba nimsindikize kwenye seti yake ya hausi, kasi ni mapigo 124 hadi 128 kwa dakika, na anataka besi isikike kama sinthesaiza (chombo kinachounda sauti kwa umeme). Fedha nilizo nazo zinatosha pedali mbili tu. Dukani kuna rafu nzima na kila muuzaji ana lake. Nianze na zipi? (Nyuzi Nne)

Marahaba, Nyuzi Nne. Chukua pedali ya oktava, halafu filta, yaani kichujio cha mlio, ile inayofunguka kwa nguvu ya kidole. Kwa pedali mbili sina jibu jingine, na sababu nakupa ili muuzaji asikuyumbishe.

Sauti anayoitaka DJ wako ni rahisi kuliko inavyosikika. Mwaka 1981 kampuni ya Roland ilitoa kimashine kiitwacho TB-303, kikiwa kimekusudiwa kumsindikiza mpiga gitaa asiye na mtu wa besi. Yaani kilitengenezwa kitunyang'anye kazi. Hakikufanana na besi hata kidogo, hakikuuzika, na ilipofika 1984 kampuni ikaacha kukitengeneza. Vijana wa Chicago wakavichukua vikiwa mitumba, wakawa wanazungusha nobu zake huku kinapiga, na mlio ule ndio uliozaa asidi hausi. Ndani yake mna nini cha ajabu? Wimbi moja tu, ama la msumeno ama la mraba. Filta moja. Na saketi inayoifungua filta noti inapoanza, kisha kuifunga. Basi. Ukishajua hivyo, ile rafu ya duka inapungua yenyewe: unatafuta kitu cha kukupa wimbi nene, na kitu cha kulifungua na kulifunga.

Wimbi nene unalipata kwenye oktava. Pedali ya oktava ya analogi inasoma waya unaoupiga, kisha inaunda wimbi lake lenye nusu ya masafa yale, na wimbi hilo halina tabia za gitaa: limekaa kimraba, limejaa, halina mkwaruzo wa kidole. Boss OC-2 ya mwaka 1982 ina nobu tatu, moja ya oktava moja chini, moja ya oktava mbili chini, na moja ya sauti yako halisi. Zima sauti halisi yote, zima ile ya oktava mbili, acha ile ya oktava moja peke yake. Watu wengi hawathubutu kuizima sauti halisi, wanaiacha robo "kwa usalama", halafu wanashangaa mbona bado ni gitaa. Yangu imechubuka rangi yote upande wa kukanyagia na siiuzi. OC-2 haitengenezwi tena, lakini OC-5 ina kiswichi cha kuirudisha kwenye tabia ile ya zamani, na kwa kazi yako inatosha kabisa.

Ukiwa na oktava, mikono yako inabidi ihame. Chukulia noti ya A. Ukiipiga kwenye waya wa E, freti ya 5, una 55 Hz, yaani mitetemo 55 kwa sekunde. Oktava itaishusha hadi 27.5 Hz, na huko spika nyingi hazifiki. Utamaliza nguvu ya amplifaya kwa sauti ambayo hakuna anayeisikia. Ipige A hiyo kwenye waya wa D, freti ya 7. Hapo ni 110 Hz, na pedali itakurudishia 55 Hz safi, iliyotulia, yenye nguvu. Kwa hiyo unapiga juu, unasikika chini. Wiki ya kwanza inaudhi, baadaye unasahau.

Sasa filta. Hii inasikiliza nguvu ya mguso: ukichapa kwa nguvu inafunguka na kuachia milio ya juu, waya ukififia inajifunga. Chukua yenye nobu ya kupanga unyeti na nobu ya kupanga muda wa kujifunga, na huo muda uuweke mfupi. Kwa kasi ya mapigo 126 kwa dakika, robo ya pigo ina takriban milisekunde 119. Filta ikichelewa kujifunga kuliko hapo, noti zako zinapandana na mdundo unakuwa uji. Jambo la pili la kukagua ni kama ina njia ya kuchanganya sauti kavu na sauti iliyochujwa. MXR Bass Envelope Filter, kwa mfano, ina nobu mbili tofauti, moja ya kavu na moja ya efekti, hivyo filta inapofanya vituko vyake juu, chini hakupotei. Filta ya besi isiyo na mchanganyo wa namna hiyo iache dukani hata ikipunguzwa bei.

Halafu kuna kazi ambayo hakuna pedali itakayokufanyia, nayo ni urefu wa noti. Nathubutu kusema nusu ya "usinthesaiza" iko hapo. Sinthesaiza haififii polepole kama waya. Inaanza, inakaa, inakatwa. Weka kipande cha sponji chini ya nyuzi karibu na daraja, na mkono wa kushoto uachie freti pale unapotaka noti ife, bila kusubiri ife yenyewe. Kwenye hausi kiki, ile ngoma nzito ya chini, inagonga kila pigo, na uzito wake mara nyingi uko hapo hapo 50 hadi 60 Hz unapotaka kukaa wewe. Wenye studio wanatatua ugomvi huo kwa kompresa (kifaa cha kubana nguvu ya sauti) iliyofungwa kwenye kiki: kiki ikigonga, besi inajishusha yenyewe kisha inapanda. Jukwaani ifanye kwa mkono. Kwa kasi ya 126 kuna kama milisekunde 476 kati ya kiki na kiki, kwa hiyo katikati yake, kwenye milisekunde 238, pana nafasi ya wazi kabisa. Anzisha noti zako hapo, ziache ziishe kabla kiki haijarudi. DJ atadhani umenunua kifaa kipya.

Fundi, pedali yangu ya oktava inashikwa na kigugumizi kwenye noti za chini. Waya wa B wa besi yangu ya nyuzi tano ndio mbaya zaidi, sauti inaruka juu na chini. Niirudishe dukani? (Mwenye Tano)

Usiirudishe, ni nzima. Saketi ya oktava ya analogi inahesabu mizunguko ya wimbi na kujigeuza kila mzunguko mmoja, ndivyo inavyopata nusu ya masafa. Waya mnene ukichapwa, mlio wake wa msingi mara nyingi huwa dhaifu kuliko milio ya juu inayofuatana nao, na saketi inaanza kuhesabu visivyo: sasa mzunguko mmoja, sasa miwili. Hicho ndicho kigugumizi chako. B wazi ni karibu 31 Hz. Hata ikihesabiwa sawasawa utapata kama 15 Hz, na sikio la binadamu halipo huko, kwa hiyo hujapoteza chochote.

Tumia pikapu (kinasa mlio cha gitaa) ya upande wa shingo, shusha toni hadi karibu na mwisho, chapa pale shingo inapoishia kwa nyama ya kidole. Waya mmoja kwa wakati, na ile isiyopigwa izibwe; nyuzi mbili zikilia pamoja saketi haijui imsikilize nani. Pedali yenyewe iwe ya kwanza baada ya gitaa, maana inataka ishara safi. Na wewe uliye na waya wa tano unaweza kufanya kinyume cha wenzako: ukizihitaji noti za chini kabisa, zima oktava upige B yenyewe.

Fazi yangu, pedali ya kukwaruza mlio, nikiwa nyumbani inanguruma vizuri sana. DJ akiingiza ngoma na vinanda vyake, besi inatoweka. Fundi mitambo anasema nipandishe sauti, nimepandisha, bado. (Simba wa Chumbani)

Kupandisha sauti hakutasaidia. Fazi nyingi hula chini na kumwaga milio mingi katikati na juu. Ukiwa peke yako chumbani, sikio linajaa na unaridhika. Akija DJ, huko katikati na juu tayari kuna vinanda, matoazi, makofi, na sauti ya mwimbaji, na wewe huna kilichobaki chini cha kukutambulisha.

Suluhisho ni kuiacha sauti kavu ipite sambamba na fazi. Bass Big Muff ya Electro-Harmonix ina kiswichi cha kuingiza sauti kavu. Pedali yako ikiwa haina, kuna pedali ndogo za kuchanganya zinazogawa ishara njia mbili: njia moja ibaki safi ibebe chini, nyingine ipite kwenye fazi ikiwa imekatwa kila kilicho chini ya 100 hadi 150 Hz. Na ukiwa nyumbani fanya mazoezi ukiwa umewasha nyimbo za DJ. Mlio uliopangwa kimya kimya chumbani haukuambii kitu.

Mkiwa na fazi na filta pamoja, na wengi wameniuliza hili, fazi iwe mbele. Inaugeuza mlio wako kuwa karibu na mraba na kuipa filta milio mingi ya kuchuja. Huo ndio mpangilio wa kile kimashine nilichokitaja juu. Tatizo ni kwamba fazi inasawazisha mguso mkali na mwepesi, filta inakosa cha kufuata, inabaki wazi muda wote. Punguza ukali wa fazi hadi nusu au chini ya hapo, kisha upange upya unyeti wa filta. Anayetaka besi inayoyumba ya muziki wa dabstepu, kwa mapigo 140, hahitaji filta ya mguso. Atafute filta inayojiendesha yenyewe kwa tempo, yenye kitufe cha kugonga kwa mguu.

Kaka, mimi fedha ninayo kiasi. Kwa nini nisinunue pedali moja kubwa ya sinthesaiza yenye kila kitu? (Mvivu wa Kebo)

Unaweza. Source Audio C4 na Future Impact ya Panda Audio ni vifaa vizito, na mlio wake kweli ni wa sinthesaiza. Jua mambo mawili. Kwanza, mashine inayounda wimbi lake mwenyewe lazima itambue noti kabla ya kuitoa, na kutambua noti kunataka angalau mzunguko mmoja hivi wa wimbi. E wazi ni 41 Hz, mzunguko wake mmoja ni milisekunde 24. A ile ya waya wa D inataka 9 tu. Kwa hiyo ukipiga chini utahisi unavutwa nyuma ya kiki, na ukipanda shingoni utakuwa sawa. Fazi na filta hazihitaji kujua noti ni ipi, ndiyo maana hazina kuchelewa huko.

Pili, vifaa hivi utamu wake uko ndani, unaupanga kwa simu au kompyuta na kuuhifadhi. Kama seti yenu ina nyimbo zilizopangwa tangu mwanzo hadi mwisho, nunua, hutajuta. Kama DJ wako ni wa kubadilisha mawazo katikati ya wimbo, na wengi wako hivyo, utatamani nobu ya kuizungusha kwa kidole cha mguu.

Je, korasi ya stirio (pedali inayorudufu mlio na kuutoa pande mbili) itaifanya besi yangu iwe pana? (Mpana)

Itaifanya iwe nyembamba. Kumbi nyingi za dansi zinapiga mono, yaani sauti ile ile kila spika, hasa kwenye spika za chini, na pande mbili za korasi zikirudishwa kuwa moja zinakulana. Weka korasi kwenye milio ya juu tu, kama pedali yako inaruhusu, na chini kubaki katikati.

Pedali zangu nne nimeziunganisha kwenye adapta moja kwa waya wa matawi. Kuna mlio mwembamba wa mluzi usioisha, hata nisipopiga. (Mluzi)

Bila shaka moja kati ya hizo nne ni ya dijitali. Chomoa moja moja kwenye umeme hadi mluzi ukome, utaijua. Pedali za dijitali zinatia kelele kwenye waya wa umeme wanaoshiriki, na zinakula sana: nyingi zinataka miliampea 100 na kuendelea, wakati ya analogi mara nyingi haifiki 20. Ipe hiyo adapta yake, au nunua kisanduku cha umeme chenye matundu yaliyotenganishwa kila moja na njia yake. Volti 9, ncha ya ndani iwe hasi, ndio utaratibu wa pedali nyingi, lakini soma maandishi yaliyo pembeni ya tundu kabla hujachomeka, kwa sababu chache ziko kinyume na nyingine zinataka volti 12 au 18.

Mpangilio uliouliza mwishoni mwa barua yako: oktava, fazi, filta, kisha kompresa. Usiiweke kompresa mbele ya filta, itakufanyia kosa lile lile la fazi.