Barua kwa mwanangu anayesita kujiunga na kituo kikubwa cha utafiti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa utulivu na swali lako nimelielewa hivi: umekubaliwa kusoma shahada ya uzamivu katika kituo cha chuo kikuu kinachochunguza namna ya kurejesha tishu zilizoharibika, mahali ambapo wanabayolojia, wahandisi, madaktari wa binadamu na wa mifugo wanafanya kazi katika jengo moja, papo hapo, profesa mmoja mwenye maabara ndogo naye anakutaka. Unauliza ni wapi utakakokua, na kama ile jumuiya ambayo kituo kinajivunia ipo kweli au ni maneno ya kuwavutia wafadhili. Nimetumikia miaka mingi katika chumba cha kukuzia seli, kwa hiyo nitakujibu kwa yale ninayoyafahamu.

Usidhani kwamba ukubwa wa kituo ndio unaozaa ugunduzi. Mwaka 2006, Shinya Yamanaka na Kazutoshi Takahashi walipoonyesha kule Kyoto kwamba seli za kawaida za panya zinaweza kurudishwa katika hali inayokaribiana na ya seli shina za kiinitete, yaani seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, kituo cha utafiti wa seli hizo cha Chuo Kikuu cha Kyoto, kinachojulikana leo kwa jina la CiRA, hakikuwapo bado. Walianza na jeni 24, wakawa wanaondoa moja baada ya nyingine ili kuona ipi haikosekani, hadi zikabaki 4. Kazi ya aina hiyo hutaka subira na kichwa kinachofikiri kuliko jengo, na maabara ndogo ina uwezo wa kuifanya. Kwa hiyo yule profesa usimdharau.

Lakini safari ya kuitoa seli maabara na kuifikisha kwa mgonjwa haiwezi kubebwa na watu wachache. Mwaka 2014, huko Kobe, kundi lililoongozwa na daktari wa macho Masayo Takahashi lilifanikisha kumpandikizia mgonjwa tabaka la seli za retina, yaani sehemu ya nyuma ya jicho inayopokea mwanga, lililotokana na seli za ngozi yake mwenyewe. Seli zilizoandaliwa kwa ajili ya mgonjwa wa pili zilipopimwa, zilikutwa na mabadiliko ya vinasaba, na upandikizaji wake ukasitishwa. Tafakari hapo kidogo. Katika kazi kama hiyo yupo anayepasua, yupo anayekuza seli, na yupo anayesoma vinasaba, na huyu wa mwisho akisema "ngojeni", wote hawana budi kungoja. Mtafiti aliyezoea kusikilizwa na wenzake wa fani nyingine, na kukatazwa nao pia, hukomaa kwa namna ambayo msimamizi mmoja, hata awe hodari vipi, hawezi kumpa peke yake.

Jambo hili si jipya. Ernest McCulloch alikuwa daktari, James Till alikuwa mwanafizikia, na mwaka 1961, jijini Toronto, walitangaza kwamba panya waliopigwa mionzi na kudungwa seli za uboho huota vinundu kwenye wengu, na kwamba idadi ya vinundu hufuata idadi ya seli zilizodungwa. Daktari aliona vinundu. Maana yake aliitafuta pamoja na mwanafizikia. Ushahidi kwamba kila kinundu huzaliwa na seli moja ulichapishwa mwaka 1963, na jina la kwanza kwenye makala hiyo lilikuwa la Andrew Becker, mwanafunzi wao. Ndiyo maana nakuhimiza uulize mapema, bila haya, majina hupangwaje katika makala zinazotoka maabara mbili au tatu za kituo hicho. Ukijibiwa kwa kuzungushwa, hilo nalo ni jibu.

Sasa hiyo jumuiya. Mimi siipimi kwa semina wala kwa picha za pamoja. Naipima kwenye inkubeta, lile kabati la kukuzia seli. Humo ndani joto ni nyuzi 37, kabonidioksidi ni asilimia 5 au karibu na hapo, na visahani vya watu mbalimbali vimepangwa rafu kwa rafu. Seli shina za binadamu kwa kawaida hubadilishiwa kimiminika chake kila siku, sikukuu ikiwemo, kwa hiyo uliza nani huzihudumia za mwenzake anapougua. Kisha yupo maikoplazma, kijidudu kisicho na ukuta wa seli, ambacho penisilini haikigusi, hakichafui kimiminika kwa namna ya kuonekana kwa macho, na hadubini ya kawaida haikionyeshi. Kikiingia kwenye chupa ya mmoja, kinaweza kuhamia kwa majirani huku kila mtu akiendelea kuandika matokeo yasiyo na thamani. Penye jumuiya, anayepata kipimo kibaya asubuhi huwatangazia wote kabla ya mchana na hakuna anayemcheka. Pasipokuwapo, huzitupa chupa zake kimyakimya. Utakapokwenda kutembelea, omba kuona daftari la vipimo vya maikoplazma. Kama hawana, usijali sana ubora wa mashine zao.

Huenda unatazamia nikukumbushe kwamba seli shina za binadamu zikitenganishwa mojamoja nyingi hufa, na kwamba mwaka 2007 watafiti wa Japani walionyesha zinavyoweza kuokolewa kwa kemikali inayozuia kimeng'enya kimoja. Sikusudii kukufananisha nazo, kana kwamba ukiwa peke yako hutaweza, maana seli hizohizo zikisongamana mno huanza kugeuka kuwa seli za aina nyingine, na hapo mfano ungenigeuka mwenyewe.

Shauri langu ni kwamba uende kituoni, kwa masharti mawili. Uwe na msimamizi mmoja anayejulikana kwa jina, aliyekubali kukutana nawe mara kwa mara, kwa kuwa mwanafunzi wa wote hana wa kumwajibikia. Na uwe na swali lako mwenyewe la utafiti, si kipande cha mradi ambacho kikikatiwa fedha nawe umekwisha. Zungumza pia na wanafunzi wakati viongozi wao hawapo, na hasa na waliokwisha kuondoka.

Kuhusu yule profesa, mjibu mapema ili nafasi ampe mwingine, na umwombe kwa adabu awe mjumbe wa jopo litakalosimamia tasnifu yako, iwapo kanuni za chuo zinamruhusu mtu wa nje ya kituo.

Mama yako