Maswali ya Wasomaji: Karamu ya Korintho

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo. Kwenye jumuiya yetu ya Igoma tumekwama 1 Wakorintho 11:21, Paulo anapozungumzia Karamu ya Bwana: "huyu ana njaa, na huyu amelewa." Baadhi yetu wanasema somo ni ulevi tu. Tuisomeje?
Mwenyekiti wa jumuiya, Mwanza

JIBU: Milele, amina. Ulevi umo, lakini mkianzia hapo mtairuka aya ya 22, ambapo Paulo anakemea wanaowaaibisha maskini. Anzieni na nyumba.

Barua hii ni ya miaka ya 50. Majengo ya kanisa hayakuwepo. Waumini walikutana nyumbani kwa watu: Warumi 16:23 inamtaja Gayo wa Korintho kuwa mwenyeji wa kanisa lote. Na Korintho ulikuwa mji wa Kirumi hasa: Warumi waliubomoa mwaka 146 KK, Julius Caesar akaufufua mwaka 44 KK akiwajaza humo walowezi, wengi wao watumwa walioachwa huru.

Chumba cha kulia cha tajiri, triklinio, kilikuwa na makochi pande tatu, watu watatu kila kochi, wameegemea kiwiko cha kushoto. Tisa, pamejaa. Katika nyumba moja iliyofukuliwa Anaploga, Korintho, triklinio ni mita 5.5 kwa 7.5, ukumbi wa mbele ni mita 5 kwa 6, tena katikati kuna kidimbwi cha maji ya mvua. Waliobaki walijibana ukumbini. Chakula nacho kilifuata cheo. Karibu na mwaka 100, Plinius Mdogo, mwandishi wa Kirumi, alimsuta mwenyeji aliyegawa divai za daraja tatu mezani pake: ya wakubwa, ya marafiki wadogo, na ya walioachwa huru. Kumbukeni pia kwamba Jumapili haikuwa siku ya mapumziko hadi Kaisari Konstantino alipoagiza hivyo mwaka 321. Mtumwa alifika bwana wake alipomwachia.

Sasa fanyeni hivi. Uani, chora kwa chaki mstatili wa mita 5.5 kwa 7.5. Tandika mikeka pande tatu, tisa waegemee, wengine wakae nje ya mstari. Chai na mkate vianzie ndani. Hapo ndipo msome 11:17–34 kwa sauti, bila kukatisha.

Kosa la kawaida ni kuifanya Anaploga kuwa nyumba ya Gayo. Umri wake una ubishi, na huenda wengi walikutania kwenye karakana au vyumba vya ghorofani, kama Troa (Matendo 20:8–9). Chaki ni kipimo tu.

Mkimaliza kusoma, rudini aya ya 33, "mngojane". Kitenzi cha Kigiriki ni kungoja, lakini pia ni kumpokea mgeni. Sisi tunaegemea la pili: ukimngoja aliyechelewa kisha ukampa makombo, aya ya 22 bado inakusuta.

SWALI: Mimi nauza dagaa Mwaloni, Kirumba. "Sokoni" ya 1 Wakorintho 10:25 ni soko kama letu?

JIBU: Si soko lolote tu. Neno ni makelo, soko maalumu la nyama na vitoweo, samaki wakiwemo. Baadhi ya nyama ilitoka kwenye sadaka za mahekalu, na ikishafika buchani mnunuzi hakuitambua kwa macho. Ndiyo maana Paulo anasema wale bila kuuliza. Mambo hubadilika aya ya 28, mtu anapokuambia mezani kwamba nyama hii ni ya sadaka: hapo unaiacha, kwa ajili yake yeye.