Wadogo zangu wa Fasihi, someni hadi ubeti wa mwisho

Wiki hii nimesahihisha insha zenu za semina. Karibu zote zinaanza: "Wordsworth alipenda sana mazingira." Jamani, huyo ni mshairi Mwingereza, si afisa misitu! Nimeweka kalamu chini, nimechemsha chai, nimerudi. Haya, kwa upendo wote:

1. Ulimbwende (Romanticism), mkondo wa fasihi wa kina Wordsworth, si mashindano ya urembo. Na Lyrical Ballads, kitabu cha mashairi cha Wordsworth na Coleridge, ni 1798, si 1789. Tuendelee.

2. Ukitaja tashihisi, yaani kukipa kitu sifa za mtu, sema inafanya kazi gani. Usiitaje ukakimbia.

3. Madesa. Hapa nina kidonda. Mwaka wa kwanza nilibeba noti za kaka mmoja wa mwaka wa tatu, nikasimama mbele ya semina, shati limepigwa pasi, nikahubiri dakika kumi juu ya shairi la Wordsworth, "I Wandered Lonely as a Cloud": mshairi mpweke, kachoshwa na dunia, anafika ziwani, anaona maua ya daffodil, anafarijika papo hapo. Nilipotamka "upweke" nilifumba macho kabisa.

Mwalimu, mama mpole sana, akauliza, "Mwanangu, alikuwa na nani?"

"Peke yake, mwalimu."

Akatusomea shajara ya Dorothy, dada yake mshairi, ya 15 Aprili 1802. Walikuwa wote wawili kando ya Ullswater, upepo mkali, na Dorothy ndiye aliyeona maua mengine yamelaza vichwa juu ya mawe kama yamechoka na kupata mto wa kulalia. Shairi la kaka mtu lilikuja 1804.

"Na faraja ilimkuta wapi?"

"Ziwani, mwalimu."

"Soma ubeti wa mwisho."

Shairi sikuwa nalo. Nilikuwa na madesa tu. Jirani akanisogezea kitabu, nikasoma, sauti ikizidi kushuka: amejilaza kwenye kochi. Kochi! Darasa likaangua kicheko, na mpaka navaa joho jina langu lilikuwa hilo.

Lakini shairi lote liko hapo hapo nilipoaibika. Kule ziwani anakiri alitazama tu, hakujua ameokota utajiri gani. Anakuja kuula baadaye, nyumbani, akiwa hana hili wala lile. Shairi lake jingine, Tintern Abbey, ni vilevile: miaka mitano hajauona mto Wye, na sura zake zilimliwaza kwenye vyumba vya upweke, katikati ya makelele ya miji. Nyie mnaoishi wanne chumba kimoja hosteli mngepaswa kulielewa hili kabla yangu.

4. Msimwache Coleridge, mshairi mwenzake. Mwaka huohuo wa 1802, katika shairi lake "Dejection", anatazama mwezi na nyota, anaona zilivyo nzuri, moyoni hasikii kitu. Kwake maumbile yanakurudishia ulichoyapa wewe. Ukienda mikono mitupu, unarudi mitupu.

5. Ule mshororo mnaoupenda, kwamba maumbile hayajawahi kuusaliti moyo unaoyapenda, ni wa Tintern Abbey, 1798. Februari 1805 John, mdogo wake Wordsworth, nahodha, alizama na meli yake, Earl of Abergavenny. Baada ya hapo someni shairi lake kuhusu picha ya ngome ya Peele. Anasema zamani angeichora bahari imetulia tuli; sasa anamsifu mchoraji kwa kuiweka dhoruba. Insha inayoishia 1798 naipa nusu ya alama, na hapo nimekuwa mkarimu.

Semina ni Jumatatu saa mbili. Njooni na shairi lenyewe. Atakayesema "mpweke", nitamuuliza alikuwa na nani.