Sensa ya kani: waache wakisie kwanza

Mwalimu mwenzangu wa fizikia, kama shule yenu imepata sensa ya kani, yaani kifaa cha kielektroniki kinachopima kani na kuichora kwenye skrini, au umeiunda mwenyewe kwa Arduino, ile bodi ndogo ya kompyuta ya kujiprogramia, nakuomba usianze nayo. Anza na mizani ya springi ile ile ya siku zote.

Msuguano Kidato cha Tatu naufundisha hivi. Nachukua kipande cha mbao chenye ndoano, napanga juu yake mawe ya mizani mpaka jumla ifike kilo 1, kisha mwanafunzi anakivuta polepole juu ya meza kwa mizani ya springi. Wenzake wasome kani pale mbao inapoanza tu kusogea. Ubishi huanzia hapo: mmoja kaona nyutoni 4, mwingine 3, mwingine anaapa ilikuwa 5. Si kwamba ni wazembe. Mbao ikishachomoka, mshale unarudi chini kabla jicho halijatulia.

Kabla ya kuwasha sensa, kila mmoja achore kwenye daftari grafu anayoitarajia, kani ikiwa wima na muda ukiwa ulalo. Hatua hii usiiruke hata kipindi kikiwa kinayoyoma. Wengi huchora mstari unaopanda kisha unalala. Halafu tunavuta. Mstari wa kwenye skrini unapanda, unafika nyutoni 4.1, unaporomoka, kisha unatambaa karibu na 2.9 huku ukitetemeka. Kila mtu anatazama daftari lake, anatazama skrini, anarudi kwenye daftari. Hesabu inayofuata ni nyepesi: uzito ni nyutoni 9.8, kwa hiyo uwiano wa kani ya msuguano kwa uzito ni 0.42 kabla mbao haijasogea na 0.30 ikiwa inateleza. Ile tofauti niliyokuwa nikiwakaririsha miaka yote, sasa wanainyooshea kidole wenyewe.

Kama sensa yako ni ile ya bei nafuu, ndani yake kuna kipande cha alumini kinachopinda kidogo mno kikivutwa. Vipande vyembamba vya waya vilivyogandishwa juu yake vinanyooka, ukinzani wa umeme unabadilika, na kibao kidogo cha saketi kiitwacho HX711 kinageuza badiliko hilo kuwa namba. Kibao hicho husoma mara 10 au 80 kwa sekunde, na vingi huuzwa vikiwa vimewekwa 10. Kupima jiwe lililoning'inia, 10 zinatosha. Kilele cha msuguano kinaweza kupita katikati ya vipimo viwili usikione kabisa, kwa hiyo weka 80.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa sifuri. Niliweka sifuri sensa ikiwa imening'inia wima, kisha nikailaza mezani kwa ajili ya msuguano. Uzito wa ndoano uliokuwa umeshahesabiwa ukawa haupo tena, na makundi yote sita yakapata grafu isiyoanzia kwenye sifuri. Vipindi viwili vilikwenda hivyo. Siku hizi naweka sifuri sensa ikiwa katika mkao ule ule itakaotumika, uzi ukiwa umelegea, halafu naihakiki: jiwe la gramu 500 likining'inia lazima lisome karibu na nyutoni 4.9.

Ukiwa na sensa mbili, fanya kanuni ya tatu ya Newton, ile ya kwamba kila kani ina kani ya pili iliyo sawa nayo na inayoelekea kinyume. Ziunganishe ndoano kwa ndoano, umwite mwanafunzi mwenye mwili mkubwa na mwenye mwili mdogo, na uwaulize wenzao nani atavuta kwa kani kubwa zaidi. Kwangu karibu darasa zima humchagua yule mkubwa. Waambie wavute taratibu, maana sensa ya kilo 5 huishia karibu nyutoni 49. Moja yangu ilipindishwa na vijana wawili waliopandwa na mori, na haikurudi sifuri tena. Mistari miwili inapanda pamoja na kushuka pamoja, mmoja upande wa chanya, mwingine wa hasi, kama kitu na taswira yake kwenye kioo.

Mwaka jana msichana wa dawati la nyuma alinyoosha mkono: "Mwalimu, kama kani ni sawa, kwenye kuvuta kamba mtu anashindaje?" Sikumjibu. Nilimwomba avue kiatu kimoja, nikatia mawe ya mizani ndani yake, nikafunga uzi kwenye kisigino, tukaanza kukivuta sakafuni kwa sensa.