Mtoto anamaliza kikombe cha uji lakini uzito umegoma

SWALI: Habari za kazi, mimi nipo Ujiji, binti yangu ana miezi saba, ananyonya na nimemuanzishia uji wa sembe, kikombe anamaliza chote lakini kliniki wananiambia uzito umesimama. Nikisema nimtilie dagaa mama mkwe anakataa eti zitamletea minyoo, nisubiri afike mwaka. Na baba yake karudi na asali kutoka Tabora, naweza kumuwekea badala ya sukari? (Mama wa Ujiji)

JIBU: Hongera dada kwa kutoruka kliniki. Tatizo lipo hapohapo kwenye kikombe, uji wa kunyweka hivyo mwingi ni maji, na tumbo la mtoto wa kilo saba halizidi kikombe kimoja cha chai, likijaa maji ndo basi, anasinzia we unajua ameshiba kumbe wapi. Usonge uwe mzito, ukiinamisha kijiko udondoke taratibu, mlishe kwa kijiko mara mbili tatu kwa siku na akifika miezi tisa mara tatu nne, na ziwa usimuachishe mpaka miaka miwili au zaidi.

Sasa dagaa. Yaani watu wa Dar wanaagiza dagaa wa Kigoma kwa bei mbaya halafu mtoto wa Ujiji anywe uji mtupu! Minyoo inatoka kwenye udongo na mikono michafu, sio kwa dagaa aliyepikwa, na kuanzia miezi sita akiba ya chuma aliyozaliwa nayo inakuwa inaisha. Chukua wasio na chumvi, toa vichwa na mchanga, osha, kaanga bila mafuta mpaka wavunjike ukiwabonyeza, twanga, chekecha miba yote itoke, tia kijiko cha chai uji ukiwa bado unachemka. Ukiepua ongeza kijiko cha mawese, yale mekundu kabisa, ukiyaunguza mpaka yakapauka vitamini A imekwenda. Mama mkwe usibishane naye, mpe kinu atwange yeye.

Asali hapana, hata iwe safi vipi, mpaka atimize mwaka. Inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mdogo haujaweza kuvizuia, vinatoa sumu ya kulegeza misuli mpaka kupumua kunakuwa shida. Kuleni nyie. Sukari nayo haina ulazima.

Uzito ukigoma tena mwezi ujao usikae unabadilisha unga tu, mwambie nesi apimwe malaria na mkojo.